"Germane" si Mjerumani

SWALI: Ninatafsiri nyaraka za ofisi. Juzi nilikuta sentensi hii kwenye barua ya mwanasheria: "The question is not germane to the contract." Nilidhani ni kosa la chapa, nikaandika "swali si la Kijerumani". Msimamizi amenirudishia karatasi ikiwa na wino mwekundu. Kamusi yangu ndogo inasema "germane" ni sawa na "relevant". Je, hayana tofauti? Na kwa Kiswahili tusemeje?
Msomaji, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, chapa haikukosea. Taifa huandikwa kwa G kubwa, bila e mwishoni, na mkazo huangukia silabi ya kwanza. Hili lako huanza na herufi ndogo na mkazo uko mwisho: ja-MEIN. Limetokana na Kilatini "germanus", yaani wa baba mmoja na mama mmoja. Wahispania hadi leo humwita ndugu "hermano". Kutoka undugu wa damu maana ikahamia undugu wa mambo, na Shakespeare alilitumia hivyo katika Hamlet.

Kiswahili nacho kina njia hiyohiyo. Nasaba ni ukoo, na mzizi huohuo wa Kiarabu umetupa mnasaba. Basi andika: "Swali hilo halina mnasaba na mkataba." Kwa mwanasheria, sioni neno linalolizidi. (Nasibu, ile ya bahati, ina mzizi mwingine; usiiunganishe.) Kama barua itabandikwa ukutani isomwe na kila mtu, "halihusiani na mkataba" yatosha. Ila jihadhari na "husika": "swali husika" ni swali lilelile tunalolizungumzia, hivyo "swali si husika" itamwacha msomaji njia panda.

Tofauti ipo. "Relevant" ni pana, linafaa popote. "Germane" ni la maandishi rasmi, hudai uhusiano wa karibu na hoja iliyo mezani, na hufuatwa na "to", si "with" wala "for". Mara nyingi utalikuta kwenye kukanusha, kama kwenye barua yako. Kwenye barua ya kuomba kazi liache. Waajiri huandika "relevant experience", nasi tunasema uzoefu unaoendana na kazi.

Wala halipimi ubora wa jambo. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina kanuni, yenye chimbuko mwaka 1789, inayozuia kuchomeka mada ngeni kwenye muswada kwa jina la marekebisho. Pendekezo laweza kuwa zuri kabisa na bado likakataliwa kwa kuwa si "germane". Seneti yao haina kanuni ya jumla ya namna hiyo.

Na vijana wanaposema msanii fulani "bado yuko relevant", hapo "germane" haiingii kamwe, wala mnasaba. Tafsiri: bado anavuma. Au, kimjinimjini, bado yumo.