Maswali na Majibu: Kijidudu kimeumbwaje, na kinatuumizaje?

Kila nikipata mafua nanunua amoksilini duka la dawa, na mafua hayaniachi. Au dawa ni feki? (Msomaji, Mbagala)

Dawa inaweza kuwa nzima kabisa. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haina pa kukishika kirusi. Bakteria ni seli kamili: ana utando, ana ukuta mgumu nje yake, anakula na kugawanyika mwenyewe. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, huvuruga ujenzi wa ukuta huo mpaka bakteria anapasuka. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo. Ni chembe za urithi ndani ya ganda la protini, na hakizaliani mpaka kiingie kwenye seli yako na kuitumikisha. Kwa hiyo vidonge vyako vinawaua bakteria wema wa tumboni na kuwaachia nafasi walio sugu. Nawaomba sana, tuache kununua antibiotiki bila kupimwa.

Shikamoo mwalimu. Kipindupindu kinawezaje kummaliza mtu mzima ndani ya siku moja? (Mwanafunzi, Kigoma)

Marahaba mwanangu. Bakteria wake, Vibrio cholerae, ni kijiti kilichopinda chenye mkia mmoja anaouzungusha ili kuogelea. Wengi wanaomezwa hufia kwenye asidi ya tumbo. Wanaopenya hufika utumbo mwembamba, hupita kwenye ute, kisha hujishikiza kwa vinyweleo vyembamba mno. Hapo ndipo penye ajabu: hawautafuni utumbo wala hawaingii kwenye damu. Wanakaa juu juu na kumwaga sumu.

Sumu hiyo ina vipande sita. Vitano hunata kwenye seli. Cha sita huingia ndani na kuwasha mtambo ambao seli haiwezi tena kuuzima. Seli inatoa chumvi mfululizo, na maji yanaifuata chumvi. Aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa, choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele. Kinachoua ni ukavu huo.

Lakini kuna mlango ambao sumu haiuharibu: ule unaopitisha sukari na chumvi kwa pamoja kuingia mwilini, vikivuta maji. ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya kunywa, hupitia hapo, ndiyo maana haifai kuidharau. Mgonjwa aanze kunywa nyumbani, aendelee kunywa njiani kwenda kituoni. Anayetapika mfululizo au aliyelegea anahitaji dripu haraka.

Na jambo moja linalonisisimua kila ninapolifundisha: jeni, yaani chembe ya urithi, ya sumu hii bakteria huipata kutoka kwa kirusi kinachoambukiza bakteria. Vibrio asiye na jeni hiyo haleti kipindupindu hiki tunachokijua.

Kwa nini dawa za TB ni miezi sita wakati homa nyingine ni siku tano? (Mgonjwa, Mwanza)

Pole, na usikate dozi. Ukuta wa bakteria wa TB umejaa mafuta mazito kama nta, dawa nyingi haziupenyi. Maabara tunauona ukaidi huo kwa macho: tunapaka makohozi rangi nyekundu, tunapasha moto, kisha tunasuuza kwa asidi. Bakteria wengine hupoteza rangi. Wa TB hubaki vijiti vyekundu juu ya sehemu iliyopakwa buluu. Zaidi ya hayo, huweza kuishi ndani ya seli nyeupe zilizotumwa kuwameza, na hugawanyika polepole, karibu mara moja kwa siku. Dawa nyingi humpata vizuri bakteria anayejijenga, kwa hiyo waliolala huwa wa mwisho kuisha. Kikohozi kikikuacha mwezi wa pili, wao bado wapo.

Msumari wenye kutu ndio unaoleta pepopunda? (Fundi seremala, Tanga)

Kutu haina kosa, fundi. Clostridium tetani hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama akiwa spora, umbo lenye ganda linalostahimili hata maji yanayochemka. Msumari humpeleka ndani sana, pasipo hewa, na hapo huamka. Sumu yake huzuia neva zinazoilegeza misuli, ndipo taya hukaza na mgongo kupinda. Mwiba au wembe mchafu wa kukatia kitovu huleta yaleyale. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha uende ukachomwe chanjo. Hata aliyepona pepopunda lazima achanjwe, kwa sababu sumu inayotosha kumwangusha mtu ni kidogo mno, haiufundishi mwili kujikinga.