Ukitafuta ukoo wa wakulima wa Marekani, anza na shamba

Mume wangu ni mtu wa Indiana, na kwao ni wakulima tangu enzi na enzi. Mama mkwe alipogundua kuwa napenda kuchokonoa karatasi kuukuu, alinikabidhi boksi la hati na picha, na maelezo ya neno moja tu: Virginia, jina la jimbo. Ninayoandika hapa ni kwa wenzangu mliooa au kuolewa huku Marekani, ambao watoto wenu siku moja watauliza upande wa pili walitokea wapi.

Usianze na jina. Najua ndicho kitu cha kwanza mtu anachoandika kwenye kisanduku cha kutafutia, lakini kabla ya 1850 sensa ya Marekani iliandika jina la mkuu wa kaya peke yake. Mke, watoto na wazee walikuwa tarakimu tu: wavulana wangapi wa chini ya miaka 10, wanawake wangapi wa umri fulani. Sasa mtafute John Fulani wa Kentucky mwaka 1820 uone watakavyojazana. Mkulima hutambulika kwa shamba lake: kanunua lini, kamuuzia nani, anapakana na nani.

Mimi nilijifundisha kwa ukoo wa Abraham Lincoln, kwa sababu majibu yake yanajulikana na unaweza kujisahihisha. Familia ile ilitoka Massachusetts ikapita New Jersey, Pennsylvania na bonde la Shenandoah huko Virginia. Babu yake rais, naye akiitwa Abraham, akavuka milima kwenda Kentucky mwanzoni mwa miaka ya 1780, akauawa huko 1786 akiwa shambani, kwa kuviziwa na wenyeji waliokuwa wakitetea nchi yao. Mwanawe Thomas alilima Kentucky, akahamia Indiana mwaka 1816, kisha Illinois 1830. Vizazi vinne au vitano, na karibu kila kimoja kilisogea magharibi.

Kwa nini Thomas aliondoka Kentucky? Rais mwenyewe alieleza baadaye kwamba utumwa ulichangia, ila kubwa zaidi lilikuwa mgogoro wa hati za ardhi. Ukisoma hati za Kentucky za wakati ule utaelewa mara moja. Mpaka unaanzia kwenye mwaloni mweupe kando ya kijito, unakwenda fito kadhaa (kipimo cha zamani, kila ufito kama mita 5) hadi kwenye jiwe, unapinda hadi kona ya jirani, unarudi kwenye mwaloni. Mwaloni ukianguka, kesi. Watu wawili watatu walidai kipande kilekile, na wengi walinyang'anywa mashamba waliyokwisha kuyalipia.

Ng'ambo ya mto Ohio, upande wa Indiana, mambo yalikuwa tofauti. Sheria ya 1785 iliagiza ardhi ya serikali ipimwe kwa miraba kabla ya kuuzwa: eneo la maili 6 kila upande, likigawanywa viwanja 36 vya ekari 640. Mwaka 1817 Thomas alikwenda ofisi ya ardhi ya Vincennes kuomba kununua kwa mkopo ekari 160, robo ya kiwanja kimoja. Ilipofika 1827 alirudisha nusu ili amalize deni la nusu nyingine, akabaki na ekari 80 zenye hati safi. Hati za kwanza za serikali kama hizo ziko bure kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya shirikisho; unaandika jina na kaunti, unaona picha ya hati yenyewe. Ila zinahusu majimbo yaliyopimwa na serikali kuu tu. Kwa Virginia, Kentucky na Tennessee, nenda kwenye nyaraka za jimbo na za kaunti. (Na tusisahau kwamba ardhi hiyo "ya serikali" ilikuwa imechukuliwa kwa mikataba na mabavu kutoka kwa makabila ya wenyeji: Delaware, Shawnee, Miami na wengine.)

Ukikwama, waache wahusika wako kwanza, wafuate majirani. Ni wachache waliofunga mizigo wakaenda porini peke yao. Akina Lincoln walipohamia Indiana, ndugu wa upande wa mke waliwafuata mwaka uliofuata. Walipoelekea Illinois walikuwa watu 13 kwenye magari ya kukokotwa na maksai, wa koo tatu zilizooana, na John Hanks, ndugu wa upande wa mama yake rais, alikwisha kutangulia. Kwa ukoo wa mume wangu, aliyenifungulia njia ni shahidi aliyeweka sahihi kwenye hati ya mauzo kule Virginia, kisha akaonekana tena Indiana akipakana nao.

Wanawake wanahitaji subira ya pekee. Mume akiuza ardhi, mara nyingi hakimu alimhoji mke faragha, mbali na mumewe, kama ameridhia kuachia haki yake, na hapo ndipo jina lake linapojitokeza. Ndoa nazo mara nyingi ziliandikwa alikotoka bibi harusi. Cheti cha wazazi wa Lincoln, waliofunga ndoa 1806, kilitafutwa bila mafanikio kaunti ya Hardin walikoishi, kumbe kilikuwa kaunti ya Washington, walikokuwa walezi wa Nancy Hanks, mama yake rais.

Jiandae pia kukuta usiyoyapenda. Orodha za kodi za Virginia, zinazoanzia 1782, zinahesabu watumwa, farasi na ng'ombe kwenye mstari mmoja. Mimi nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo. Baadaye niliwaeleza wakwe zangu nilichokiona, na nakushauri usiwafiche wako, kwa sababu kuna familia nyingine inayotafuta mababu zao kati ya watumwa hao hao, na huenda orodha hiyo ndiyo fununu pekee waliyo nayo.

Kuna nyaraka moja sijamwona mtu akiijutia: faili la pensheni la mjane wa askari wa vita vya 1812, kati ya Marekani na Uingereza. Ilibidi athibitishe ndoa yake, kwa hiyo wengine walichana ukurasa wa Biblia ya familia wenye tarehe za ndoa na vizazi na kuutuma Washington. Mafaili hayo yamewekwa mtandaoni bila malipo. Tafuta kwa jina la askari, kisha soma hadi karatasi ya mwisho, maana ukurasa wa Biblia unaweza kuwa popote humo.