Kikundi cha Talmud: kigawanywe au kibaki kimoja?

Ndugu yangu, umeuliza kama mkigawe kikundi chenu cha New York cha kusoma Talmud, mkusanyiko mkuu wa sheria na mijadala ya Kiyahudi, maana Wayahudi Waorthodoksi (wanaoshika sheria za dini kikamilifu) na Wareform (wenye mtazamo wa kisasa zaidi) wanakaribia kushikana mashati. Gawa, ila kwa kazi, si kwa madhehebu. Wanaoanza wawe na chao, wanaofuata Daf Yomi, yaani ratiba ya kusoma Talmud yote kila siku kidogo, chao, na wapenda mabishano wapewe baraza lenye msimamizi mvumilivu kweli kweli.

Daf Yomi haimsubiri mtu. Ni karatasi moja kwa siku, pande zote mbili, jumla 2,711, takriban miaka saba na nusu. Rabi Meir Shapiro aliipendekeza Vienna mwaka 1923. Mgeni akiingizwa katikati atazama, kwa hiyo mpeni mwenzake wa kusoma naye, yaani chavruta. Watapigiana kelele; waacheni, ndivyo Talmud inavyosomwa.

Ratiba ndiyo huharibu mambo. Ijumaa jioni na Jumamosi mchana msiguse: ni Shabato, Mworthodoksi hashiki simu mpaka nyota zitoke Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi inafaa, hata kwa hao Abayudaya, Wayahudi wa Mbale, Uganda, uliowataja, ambao wako mbele yenu kwa saa saba au nane.