Re: Flashi imegeuza mafaili yote shotikati, ni lazima ninunue antivairasi?

Pole sana mkuu, ila hela yako tunza, hakuna haja ya kununua kitu. Mimi yalinikuta hapahapa Moshi, nilienda kuprinti stesheneri moja karibu na stendi, narudi home nachomeka flashi kwenye laptop kila folda ina kamshale kadogo pembeni, nikajua picha za harusi ya dada ndo basi tena. Kumbe mafaili hayajafutika, yamefichwa tu, kwa hiyo USIFOMATI na usibonyeze hata shotikati moja maana ukibonyeza ndo unamwamsha kirusi.

Fungua Windows Security, hiyo ipo bure ndani ya Windows 10 na 11, iapdeti, halafu kwenye Scan options chagua Microsoft Defender Offline (Defender ndo antivairasi ya Windows yenyewe). Sevu kazi zako kwanza coz mashine itajirestati yenyewe na kuskani kabla Windows haijawaka, kama dakika 15 hivi. Ikimaliza weka Malwarebytes ya bure (programu nyingine ya kusaka virusi) iwe jicho la pili, ile inasafisha tu, ulinzi wa kila siku muachie Defender.

Flashi nayo iskani, alafu fungua cmd (kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, tafuta cmd kwenye Start) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E weka herufi ya flashi yako), mafaili yatatokea, shotikati futa zote.

Na hizo Office za kukraki mnazogawana mtaani, ziondoe bana, nazo zinaweza kubeba virusi, yaani unafunga dirisha mlango uko wazi. Ukikwama tupia picha ya skrini hapa.