Umeachiwa mkoba: kabla hujapiga ramli ya kwanza

Mleta mada ameeleza kwamba bibi yake, aliyekuwa mganga, amefariki na kumwachia mkoba wake wa uganga. Kwamba tayari mama mmoja mwenye mgahawa anataka aangaliziwe ni nani aliyemfungia biashara. Na anauliza aifanyeje kazi hii bila kumdhuru mtu. Mimi nimelelewa na babu mzaa mama, mganga wa kitabu, yaani anayetibu kwa dua na maandiko, karibu na Pangani, na baada yake nikaifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Ninajibu kwa niliyoyatenda, likiwemo moja ambalo sitaki ulirudie.

Wengi watakuonya kuhusu majini, miiko na mkoba unaomkasirikia mrithi. Mimi ninachokuonya ni maneno yako mwenyewe, kwa sababu dawa uliyompa mteja unaijua kipimo chake, lakini neno ulilomwambia hujui atalipeleka mlango gani.

Nilikuwa na miaka 24 alipokuja mwenye mashua ambaye injini yake ilikuwa ikiharibika kila mwezi. Nilitandaza mchanga kwenye sinia, nikapiga nukta mistari minne bila kuhesabu, nikaziondoa mbili mbili mpaka kila mstari ukabaki na moja au mbili, nikapata umbo mojawapo kati ya maumbo 16 ya ramli. Umbo lile lilitaja uzito na kucheleweshwa, basi. Yaliyobaki niliyaongeza mwenyewe, kwa kuwa mteja alikuwa amenikodolea macho na mimi nilitaka aondoke akiniamini: nikasema ni mtu wa ndani, mwanamke, mwenye kovu mguuni. Maneno ya namna hiyo hayakosei kamwe, maana katika kijiji cha wakulima ni mwanamke gani asiye na kovu mguuni?

Alikuwa nalo shangazi yake. Ndani ya wiki mbili bati lake lilikuwa likipigwa mawe usiku, na kabla mwezi haujaisha akahamia kwa binti yake Muheza. Nilipomfuata kuomba radhi alinikaribisha, akaniwekea kiti, akakunja kanga hadi gotini na kunionyesha kovu la jembe la tangu usichana wake. Akaniuliza, "Mwanangu, hili wewe uliliona wapi?" Sikuwa na jibu. (Injini, kwa taarifa yako, ilikuwa ikiwekewa mafuta yaliyochanganyika na maji.)

Usidhani kisa changu ni cha pekee. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na miaka mingi ya kupikia kuni na samadi, na mara nyingi kulikuwa na mpiga ramli aliyetangulia kusema neno. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Aidha, Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ingalipo, nayo humgusa hata anayejitangaza tu kwamba ana uwezo huo. Ilhali Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inakupa njia ya kusajiliwa. Nenda kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako mapema, kabla jina lako halijaenea.

Katika dawa nitasema machache, ingawa hapa napo nina majuto. Mtoto mwenye homa na degedege asivuke kizingiti chako kwa kufukizwa ubani kwanza; mara nyingi hiyo ni malaria kali, na saa moja ya kusubiri inaweza kuwa ndiyo iliyobaki. Mpeleke hospitali wewe mwenyewe, ukiweza kwa pikipiki ile ile iliyomleta, na kama wazazi wanataka dua, isomeni njiani. Anayetumia vidonge vya sukari au presha usimwambie aviache. Majani na mizizi ya bibi usiyoitambua kwa hakika usimpe mtu kwa kubahatisha: mafuta ya mbarika ni dawa ya tangu zamani, lakini punje yake ikitafunwa ni sumu. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kwenye sahani kwa zafarani na marashi kisha zikaoshwa na kunywewa, sijawahi kuona likimdhuru mtu, ila sharti aliyeliandika asidai mbuzi watatu kwa sahani moja.

Jambo moja zaidi, nalo ni gumu kuliko linavyosikika: jizoeze kusema "sijaona kitu." Babu alikuwa akilisema wazi wazi na kurudisha ada, na wateja walimwona mkweli, mimi nililionea haya, na haya hizo ndizo zilizomhamisha mwanamke mzima kwake.

Kwa huyo mama wa mgahawa, usimpigie ramli. Mkaribishe, mwache aseme mpaka amalize, kisha muulize ni lini wateja walianza kupungua na ni nini kilibadilika mtaani wakati huo. Akitaka dua ya riziki, msomee. Akikutajia jina la jirani, hata kwa kunong'ona, usiitikie kwa kichwa wala usikohoe, kwa maana anakuangalia usoni, na chochote atakachokisoma hapo ndicho atakachokwenda nacho nyumbani.