Maswali yenu: uchaguzi wa Marekani miaka ya 1870 mpaka 1900

Ni kweli zamani Wamarekani walipiga kura kila mtu akiona?

Kweli kabisa. Karatasi za kura serikali haikuchapisha, zilichapishwa na vyama vyenyewe, kila chama na yake yenye majina ya wagombea wake tu, na mara nyingi ina rangi au nembo yake, so mtu wa chama anakupa nje ya kituo unaenda kuitumbukiza kwenye sanduku, na aliyekulipa kasimama palepale anaangalia umeshika rangi gani. Ukitaka kuchanganya vyama inabidi ukate jina uandike lingine, au ubandike kijikaratasi chenye gundi juu yake.

Kwa hiyo kura zilinunuliwa waziwazi?

Sana tu, na vyama vyote viwili, Republican na Democrats. Mwaka 1888 kule Indiana ilivuja barua ya W. W. Dudley, mhazini wa Republican taifa, anaelekeza wapiga kura wa kununulika wagawanywe watano watano, kila kundi lipewe mtu mwaminifu mwenye hela mkononi ahakikishe hakuna anayechomoka. Democrats wakaichapisha, kelele nchi nzima, na bado Harrison, mgombea urais wa Republican, akabeba Indiana. Akabeba na urais pia, japo Cleveland wa Democrats alimzidi kura kama 90,000 nchi nzima, maana kule kinachoamua ni kura za wajumbe wa majimbo na hizo zilikuwa 233 kwa 168.

Kura ya siri ndo ikamaliza hayo mambo?

Ilisaidia. Massachusetts walipitisha sheria mwaka huohuo wa 1888, ikifika 1892 majimbo mengi yameshaiga. Serikali inachapisha karatasi moja yenye wagombea wote, unaingia peke yako kwenye kibanda, na mnunuzi hana tena uhakika hela yake imefanya kazi.

Ila hapa mimi huwa siungani na wanaoisifia tu. Ile karatasi ya chama hata asiyejua kusoma aliitambua kwa rangi, hii mpya bila kusoma umekwama, na wanasiasa wazungu wa Kusini waliliona hilo mapema. Wakaongezea kodi ya kura, yaani unalipa kwanza ndo upige, Mississippi mwaka 1890 waliweka dola 2, na mtihani wa kusoma au kuelezea katiba ambao msahihishaji ni karani mzungu, hapo unapasije? Louisiana mwaka 1896 weusi walioandikishwa walikuwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Na haki yao ilikuwa kwenye katiba tangu 1870!

Wanawake je?

Wyoming tangu 1869, Colorado 1893, Utah na Idaho 1896. Kwingine ilikuwa shida, Susan B. Anthony, mpigania haki za wanawake, alipiga kura New York mwaka 1872 akakamatwa, faini dola 100, akagoma kulipa na hakulipa mpaka anakufa.

Kampeni walifanyaje bila redio?

Mwaka 1896 Bryan, mgombea urais wa Democrats, miaka 36 tu, alizunguka kwa treni kama kilomita 29,000 anahutubia stesheni kwa stesheni. McKinley wa Republican yeye alikaa kibarazani kwake Canton, Ohio, kampuni za reli zikashusha nauli na watu kama 750,000 wakamfuata hukohuko, nyasi za uwanja wake zikaisha kwa kukanyagwa. Hata hotuba za wageni alizipitia kwanza kabla hawajasoma, asije akashtukizwa. Akashinda wajumbe 271 kwa 176.