Re: Bawasiri na kulazwa, Moshi

Mkuu, umeuliza kama mama anaweza kutibiwa bawasiri hapo Moshi bila kulazwa. Kama ni ya ndani na kinyama chake hakijafikia hatua ya kugoma kurudi ndani, mara nyingi inawezekana. Daktari anaingiza kifaa kifupi njia ya haja kubwa, anavalisha kipira kidogo kwenye shina la kinyama. Damu ikikatika, kinyama kinanyauka na kudondoka chenyewe, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 10. Sehemu hiyo ya ndani haina hisia kali za maumivu, ndiyo maana mama hahitaji dawa ya usingizi. Ni dakika chache, anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ile ya nje haifungwi hivyo, maumivu yake hayavumiliki.

Muulizie kliniki ya upasuaji KCMC, hospitali ya rufaa hapo Moshi. Ataje mapema kama anatumia dawa za kuyeyusha damu. Na tafadhali, apimwe kwanza: saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na wengi wanapoteza muda kwa dawa za mitishamba.

Akishafungwa kipira, maji mengi, maharage, mboga, dona badala ya sembe. Damu kidogo ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi au mkojo kugoma, mrudishe hospitali saa hiyo hiyo.